Viporo vya Kija

Jina la Mama Viporo nilimpa mimi. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu wa kikundi siku hizi wanajifanya hawajui lilikotoka, na mimi uongo wa namna hiyo siupendi. Lilitoka mdomoni mwangu, Jumamosi moja barazani kwa Bi Moza, siku Kija alipofungua kapu lake na kutoa kazi tano, zote zimeanzwa na hakuna hata moja iliyokwisha.

Sisi ni wanawake tisa wa Mabatini, hapa Mwanza, tunaofuma: vitambaa vya makochi, shali, kofia za watoto, chochote kinachoweza kutoka kwenye uzi na sindano yenye ndoano. Mwenyekiti wetu, Bi Moza, ni mtu mzima kutoka ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mji huu, na utaratibu wake ni mmoja tu. Unaanza kitu, unakimaliza, ndipo unafungua uzi mwingine. Mimi nina duka la nyuzi na vifungo, na utaratibu huo ulinifaa sana, maana napenda kitu kikikunjwa na kuwekwa kabatini. Kwa hiyo nilipoliona lile kapu nikamwambia, "Dada Kija, haya si mapishi ya leo, ni viporo."

Wakacheka wote. Kija naye akacheka, kisha akaniuliza kama kwetu kiporo huwa kinatupwa. Nikamwambia hapana, kinapashwa moto asubuhi na kuliwa na chai. Akasema basi nimemsifu, akaendelea kufuma.

Ili mtu amwelewe Kija inabidi ajue habari ya samaki. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kule Nyakato. Alisimama meza ya tatu, upande wa kushoto. Samaki alimfikia akiwa amekwisha kutolewa matumbo; yeye alikata mnofu wa ubavu mmoja, na mwenzake aliyemkabili alikata wa pili. Miaka kumi na tisa, ubavu mmoja. Aliniambia kuwa akinunua sangara wa nyumbani alianza makusudi na ule ubavu asioruhusiwa kuugusa kazini. Aliukata vibaya, na alifurahi kuukata vibaya. Kisha samaki wakapungua ziwani, msimamizi akamwita yeye na wenzake uani, akawaambia, "Mama zangu, kazi imekwisha." Neno hilo Kija hajalisamehe mpaka leo. Ukimwambia wali umekwisha, atakusahihisha useme haupo.

Kufuma alijifunza baada ya hapo, ukubwani, na tangu wiki ya kwanza alikataa kushika kazi moja. Kila kazi yake ina mahali pake. Shali ya buluu huifuma kwenye foleni ya kliniki ya presha na si kwingine. Mfuko mwekundu wa sokoni ni wa siku za hasira. Ameukaza uzi kiasi kwamba unaweza kubebea mawe, na mistari kadhaa ya mfuko ule najua ni yangu mimi. Kofia aliianza mjukuu wake alipozaliwa. Mjukuu sasa yuko darasa la pili na kofia bado iko sindanoni, inapanuliwa kila kichwa kinapokua. Kuna kitu kingine cha kijani ambacho mwenyewe hajui kitakuwa nini. Nilimuuliza, akanijibu kwamba hana haraka ya kukihoji. Anatoka kwenye hiki anaingia kwenye kile, uso umemchangamka kama mtu aliyealikwa harusi tatu siku moja.

Na kuna kile kirefu. Upana wake ni viganja viwili, rangi ya maziwa, na hakifumwi nchi kavu. Mdogo wake Kija, Ng'washi, anaishi Sengerema, ng'ambo ya maji, na kila Kija anapopanda kivuko cha Kamanga kwenda kumwona hufuma mstari mmoja wa kwenda na mstari mmoja wa kurudi. Mstari ukiisha kabla ya kufika, anakunja kazi na kukaa na mikono mapajani akitazama mawe ya mjini yakibaki nyuma. Daraja la Busisi lilipofunguliwa tulimwambia apite huko kama watu wengine, ni haraka. Alitutazama sote kwa huruma. "Darajani nitafuma nini?" akauliza.

Kwa hiyo nilijua. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo linaloniuma. Wengine wangeweza kusema hawakujua kile kitambaa ni kitu gani, lakini mimi nilijua.

Mwanzoni mwa Julai Ng'washi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mtoto wake, Luhaga, akaja na gari kumchukua Kija, na siku ile hapakuwa na mjadala, wakapita darajani. Kapu lisingekuwa na kazi huko. Kija alilishusha kwenye kaunta ya duka langu akasema, "Nitunzie, mdogo wangu. Panya tu ndio nawaogopa." Nikamwambia aende kwa amani, kapu lake liko mahali salama.

Alikaa huko zaidi ya mwezi. Katikati ya muda huo Bi Moza akatupatia meza kwenye maonyesho ya Nane Nane, jambo tulilolitafuta miaka mitatu. Tulipokusanya kazi zetu zikaonekana chache, meza kubwa. Bi Moza akauliza lile kapu lililo dukani kwangu lina nini. Nikamwambia lina nini. Akasema kazi zilizokaribia kwisha zinaharibika bure na mwenyewe yuko matatizoni, tumsaidie, tugawane, tuzimalize. Nikajiambia kwamba ni wema. Mtu anatoka kuuguza, anakuta kazi zake zote zimekwisha, zimenyooshwa, ziko mezani kwa watu, si atafurahi? Simu yake ninayo. Sikupiga. Anayejua kwa hakika kwamba anasaidia hupiga simu.

Kile kirefu nilikichukua mimi kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyote na sikutaka mwingine akiguse. Nikakiongezea mistari kumi na minne ili kitoshe meza ya sebuleni. Niliifuma dukani, kwenye kiti changu, feni ikizunguka. Nikakizungushia pindo pande zote, nikakifua, nikakipiga pasi na wanga. Nasema kweli, kilipendeza. Niliwahi hata kukitundika dirishani wateja wakione.

Siku ya maonyesho Kija alifika moja kwa moja kutoka Kamanga, alikosikia kwa watu kwamba tuna meza, viatu bado vina vumbi la Sengerema. Ng'washi alimwacha nyumbani, ameanza kutembea kwa fimbo. Alimwamkia Bi Moza shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatusalimia sisi wengine mmoja mmoja, ndipo akaiona meza. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa amekishika kile kitambaa kirefu anauliza kama kuna kingine kama hicho, anakitaka kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Bi Moza, kwa furaha kabisa, akamwambia ana bahati, mwenye kazi yake ndiye huyu amefika.

Kija akakipokea kwa adabu. Akaanza kukipitisha vidoleni kuanzia mwanzo, midomo ikicheza, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza nikiomba asione. Mishono yangu ni midogo na imelingana, wateja hawawezi kuitofautisha na yake. Alipofika pale nilipoanzia mimi vidole vikasimama. Hakumtazama Bi Moza. Alinitazama mimi.

"Nasma," akasema, "hii ilivuka lini?"

Akaihesabu polepole mpaka mwisho.

"Kumi na minne. Hata mmoja haujavuka ziwa."

Akatafuta fundo la pindo langu, akalikata kwa meno, akavuta. Pindo lilinichukua siku tatu. Kulifumua, pamoja na mistari yangu yote, kulimchukua muda wa mtu kunywa chai. Uzi ulimwagika miguuni kwake, na mama mwenye miwani akarudi nyuma hatua mbili akishika mkoba wake. Bi Moza akainama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anatuaibisha mbele za watu, kwamba vitu hivi vimekwisha na viko hapa viuzwe.

"Haviuzwi, Bi Moza," Kija akasema, wala hakuipandisha sauti. "Vinafumwa."

Akavuta kiti akakaa mbele ya meza, palepale wanapopita watu. Akaichukua kofia, ambayo tuliifunga juu na kuiwekea kishada, akaukata mshono akasema mtoto bado anakua. Akaichukua shali. Akauchukua mfuko mwekundu, akaukagua, akacheka, kwa sababu aliyeumalizia alishindwa kukaza uzi na mdomo wa mfuko ulikuwa umelegea. Kile cha kijani tulikuwa tumekifanya mto. Alikifumua taratibu kuliko vyote, kama anayemvua mtoto nguo aliyovalishwa kwa nguvu. Kila alipofika mahali alipoachia yeye, alirudisha sindano kwenye kitanzi kilicho wazi na kukiweka kitu mezani, nyuzi zinaning'inia kwenye kitambaa cheupe alichotandika Bi Moza.

Nilikasirika, sitaficha. Kazi ya wiki tatu ilikuwa imerudi kuwa uzi uliojikunja, na watu walikuwa wamesimama wanatazama. Nikamwambia kwamba mistari yangu ilikuwa imenyooka kuliko yake.

"Imenyooka kwa sababu ulikuwa umekaa dukani," akasema. Kisha akaweka mikono chini. "Nasma, nimekata ubavu mmoja wa samaki wa watu miaka kumi na tisa, siku ya mwisho nikaambiwa imekwisha. Hizi ni zangu. Nikiwa na kazi tano mkononi najua kesho niko kliniki, keshokutwa niko majini, na siku nikikasirika nina pa kwenda. Hakuna mtu atakayekuja kuniambia zimekwisha, hata akiniambia kwa upendo."

Hasira yangu iliondoka pale, ikabaki aibu, na aibu ni mbaya zaidi kwa sababu haina mtu wa kumrushia. Kija akachukua shali na kuanza kuifuma, ingawa pale hapakuwa kliniki. Alisema presha yake ilikuwa imepanda vya kutosha. Watu walizidi kukusanyika. Wanawake waliuliza kila kazi ni ya wapi, naye akawaeleza, wengine wakakiri kwamba nao wana vitu chini ya kitanda ambavyo huviona haya. Bi Moza mpaka leo anakataa kwamba meza yetu ilipata watu wengi kuliko za majirani. Ilipata, nilikuwepo.

Baada ya hapo Kija hakukanyaga dukani kwangu wiki tatu. Barazani alikuja kama kawaida, kwa sababu si mtu wa kufukuzwa na aibu ya wengine. Bi Moza aliusoma utaratibu wa kazi moja baada ya nyingine kwa sauti, akimtazama yeye. Kija alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akafungua kapu. Zilikuwa sita. Nilimwona anafuma ule mfuko mwekundu Jumamosi zote tatu, na nilijua kila mstari unamhusu nani.

Ya nne akaingia dukani. Hakukaa. Alisema kesho anavuka kwenda kumwona Ng'washi, na kama ile mistari yangu inaniuma, nije niirudishe majini.

Alijua anachokisema. Mimi nimezaliwa Mwanza, nyumba ya baba yangu ilikuwa inaliona ziwa, na tangu utotoni sijawahi kupanda chombo cha majini. Nikitaka kwenda ng'ambo nilizunguka, na daraja lilipofunguliwa mimi nilikuwa wa kwanza kulisifu. Kikundi kizima kinajua. Nilitaka kumwambia nina mzigo wa nyuzi unaingia. Kisha nikaona ameinua kidevu kidogo, anasubiri niseme hivyo. Nikamuuliza tunaondoka saa ngapi. Sikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa ubishi, na sioni kwa nini niuonee haya.

Tulikaa benchi la pembeni kwa sababu yeye hukaa hapo. Kivuko kilipoachana na nchi kavu nikafumba macho, nikahisi kitu kinawekwa mapajani. Kilikuwa kile kitambaa kirefu, sindano iko kwenye kitanzi chake.

"Kwenda ni wako, kurudi wangu," akasema.

Upepo ulinipokonya uzi mara mbili. Niliruka vitanzi, nikaweka viwili pasipotakiwa, nikakaza mahali na kulegeza mahali, kila wimbi likinigonga kiwiko. Mimi ninayewafundisha wengine kulinganisha mishono. Kija hakunisaidia hata kidogo. Alikuwa amekishika kile cha kijani, anafuma huku akisalimiana na watu wa Kamanga anaowajua. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mistari yake ya majini hailingani. Ipo ya siku za upepo, na ipo ya siku alizovuka akiwa na wasiwasi.

Nilifunga kitanzi cha mwisho injini zikipunguza mwendo. Nikaunyoosha ule mstari magotini nikautazama. Ulikuwa umepinda vibaya, mtoto wa shule angefuma vizuri zaidi. Mlango wa kivuko ukaanza kushuka na watu wakasimama na mizigo yao. Nikashika uzi nianze kuufumua haraka haraka ili niurudie wakati wa kurudi, maana nilikuwa tayari hata kuichukua zamu yake.

Kija akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Uache," akasema. "Huo umevuka."