Makochi ya Mama Deo

Sio kweli kwamba mteja akishakanyaga sebuleni kwako anageuka mkaguzi. Nimemwambia baba hivyo hivyo leo alasiri, tumekaa barazani kwetu Mbagala, boksi la kadi za harusi yangu liko katikati yetu na yeye anazipekua kama anatafuta mwizi. Mie nashona mapazia. Nina wateja wanaoniita mwanangu, na mmoja alifika kuniona hospitali kabla hata ya shangazi zangu. Leo niolewe kimyakimya, waje kusikia kwa majirani? Baba akatikisa kichwa. "Muulize mama yako," akasema. "Si ndiye aliyenialikia mteja kwenye akika ya mdogo wako? Muulize ilikuwaje." Mama alikuwa palepale anachambua mchele, hakuinua uso. Mpaka sasa ninavyoandika miguu haitulii chini ya meza, kwa sababu baba amekosea miaka yote hii, na anayejua ukweli ni mie.

Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, na kila asubuhi nilikuwa naenda na baba kwenye kibanda chake Keko. Gundi ya makochi ina harufu inayopanda mpaka machoni, na hata leo nikiisikia nachangamka kama mtu aliyeitwa. Kulikuwa na vumbi la mbao, vipande vya sponji vinavyoruka barabarani, na nyundo za mafundi wa vibanda vya jirani ambazo hazikupatana hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa simu. Mikono ya baba ilikuwa na gundi kutwa, kwa hiyo mie ndiye niliyekuwa nasoma meseji na kujibu, yeye anataja, mie nabonyeza. Kila mteja tulimsevu kwa jina na mtaa wake, na baba alikuwa anawajua mpaka watoto wao. Mteja akifiwa, baba anafunga kibanda anaenda msibani. Mteja akioza binti, baba anavaa koti lake la kahawia, ananishika mkono, tunaenda. Alikuwaga anasema mtu anayekaa juu ya kazi yako kila siku huwezi kumfanya mgeni. Ndivyo tulivyofika mpaka Kipawa, kwenye kipaimara cha mtoto wa Mama Deo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kucheka, ambaye alinijazia sahani mara mbili na palepale akaagiza seti nzima ya makochi. Kitambaa alikichagua mwenyewe, kijani iliyoiva, na vifungo vya dhahabu alivileta kwenye mfuko wa nailoni.

Makochi yalikamilika wiki moja kabla ya akika ya mdogo wetu. Na hapo ndipo baba alipoteleza. Wazazi wa mama walikuwa wanakuja kutoka Kilwa, na bibi alikuwa na utani wake usiochoka kila akija: "Fundi wa makochi, kwake tunakalia ndoo." Ilikuwa kweli. Kila kochi alilotengeneza baba lilikuwa la mtu, na kwetu tulikuwa na mkeka na viti viwili vya plastiki. Mama Deo akatuma meseji kuuliza mzigo wake. Baba aliyatazama yale makochi, kisha akanitazama mie. "Mwambie bado rangi ya miguu haijakauka. Jumatatu." Mafundi wote Keko husema hivyo, hata mie nilishaizoea, nikabonyeza nikatuma. Ijumaa makochi yakaja kwetu Mbagala yamefunikwa shuka. Jumamosi asubuhi, siku ya akika, yalikuwa sebuleni yanang'aa, na bibi amekaa katikati kama bibi harusi, utani umemwisha mdomoni.

Lakini Alhamisi ile, baba akiwa amepiga magoti anapigilia misumari, alikuwa ameniambia, "Waalike wateja wetu wote waje kwenye akika." Mie huwa sina subira. Nikaandika meseji moja nzuri, nikachagua majina yote kwa pamoja, nikatuma. Sikufikiria kuruka jina hata moja. Naye hakukumbuka kuniambia, alidhani nimeelewa mwenyewe kwamba mwenye makochi haalikwi.

Mama Deo alifika saa saba mchana, amebeba beseni lenye sabuni za mtoto na doti ya khanga. Sebule ilikuwa imejaa wanawake, sinia za pilau zimeshaanza kupita. Akasalimia wote, akampa bibi shikamoo yake, halafu akasimama. Aliinama akashika kifungo kimoja cha dhahabu kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu. Baba alikuwa mlangoni na sinia mikononi. "Fundi," akasema Mama Deo, sauti ileile ya kucheka ila bila kicheko, "kumbe rangi ilishakauka." Wanawake wakadhani ni utani, wakacheka. Alifungua ile khanga aliyomletea mtoto, akaitandika juu ya kochi, akakaa juu yake, akala pilau mpaka mwisho, kwa adabu, bila kudondosha hata punje. Dua ilipoisha akapiga simu. Kirikuu ikaja, kile kigari cha kubebea mizigo. Wanaume waliokuwa kwenye jamvi nje wakaitwa kubeba, na bibi akaambiwa anyanyuke. Alinyanyuka polepole, akajikung'uta, akamwambia baba, "Hata hili si lako." Yeye na wenzake wa Kilwa wakamalizia shughuli kwenye mkeka.

Wageni walipopungua baba aliuliza mara moja tu: "Nani amemwalika yule?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, simu iko kwenye mfuko wa gauni langu. Nilifungua mdomo. Mama akageuka, akaniona, na kabla sijatoa sauti akasema, "Mie. Nilikutana naye sokoni." Hawakusemeshana wiki nzima. Mama, ambaye alikuwa anakaa na wake za wateja kibandani kama dada zake, hakukanyaga tena Keko. Na baba hakualika tena mteja wala kwenda kwenye shughuli ya mteja. Lile koti la kahawia likaliwa na mende.

Siku hizi kazi za baba ni za picha kwenye simu. Mtu anaona kochi, anaagiza, kirikuu inalipeleka, na baba hajui kama mwenye nalo ana mtoto au amefiwa. Anakula peke yake kibandani. Kwangu mie hayo ndiyo tuliyopoteza, zaidi ya aibu ya siku ile, na tuliyapoteza kwa uongo wa rangi, sio kwa mwaliko. Na mama ameubeba mzigo wangu miaka kumi na moja, akichambua mchele.

Kesho asubuhi nitamwahi baba akiwa anavaa viatu, mama akiwepo. Nitamwambia ni mie niliyetuma ile meseji, na kwamba mama alisema ni yeye ili kunikinga. Akikasirika akasirike na mtu sahihi. Halafu nitachukua kadi moja, niandike jina la Mama Deo kwa mkono wangu, nipande gari la Kipawa. Simtumii meseji. Nitabisha hodi.