Zoezi Limekwisha

Kabla ya kuvaa sare alikuwa dobi. Ujana wake wote aliumalizia nyuma ya meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni, na mwenye duka akipita nyuma yake kutafuta mkunjo wa kulalamikia. Siku aliposikia kwamba chuo cha polisi kinachukua hata watu wazima, na kwamba kuruta hulipwa mshahara tangu siku anayoanza mafunzo, aliiweka pasi chini. Jioni alimuuliza mumewe, "Unanionaje, naweza?"

Mumewe, fundi wa magari, alicheka hadi akashika mbavu. Alipoona mwenzake hacheki, alijifuta machozi akasema, "Mtu anayeweza kunifokea mimi, mwizi atamshinda nini?"

Basi akaenda. Bila ule mshahara asingethubutu, maana mafunzo ni kitu chema lakini watoto hawali nidhamu.

Chuoni walimpa jina la Pasi, kwa sababu mstari wa pasi kwenye suruali yake ungeweza kukata mkate. Sheria alizishika. Mbio alikimbia, ingawa vijana wa umri wa wadogo zake walimpita huku wakipiga soga. Kilichomshinda kilikuwa nyumba ya mazoezi.

Nyumba hiyo ilikuwa nyumba kamili, na sebule, na jiko, na mlango unaokwama, na chuo kilikodi waigizaji wa kuijaza: mume mlevi, mke anayelia, jirani mbea. Kuruta anaingia, anakuta vurugu, anatakiwa kuituliza. Mkufunzi husimama pembeni, na akisharidhika au akishachoka, hupaza sauti: "Zoezi limekwisha! Wote kaeni chini!" Papo hapo mlevi analevuka, aliyekuwa akilia anaomba maji ya kunywa, na kuruta anamgeukia mkufunzi ili asikie amekosea wapi. Walirudia hivyo hata miili ikazoea yenyewe. Neno likitoka tu, mabega yanashuka na shingo inageuka.

Pasi alikuwa akiganda. Sauti zikipanda ndani ya sebule ile, ulimi ulimkauka, akasimama kama mtu aliyekwenda harusini akakuta msiba. Mkufunzi alimwambia mbele ya wenzake, bila kupaka mafuta: "Mtaani hakuna wa kukuzindua. Ukiganda kule, nakurudisha kwenye pasi zako."

Sasa alikuwa mtaani, chini ya sajini mmoja mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Mpango wa mafunzo ulikuwa hivi: kuruta ndiye anayesema, sajini ananyamaza. Sajini akilazimika kufungua mdomo, kuruta ameanguka. Na hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Jioni mkuu wa kituo angetoa uamuzi, na Ijumaa waliofuzu wangekula kiapo. Mumewe alikwisha kuwatangazia gereji nzima. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumsifu hata kwa chai, alikuwa ameshona gauni la sherehe.

Mchana redio ikaita. Ndugu wawili wanagombana, jirani amepiga simu, kuna kisu.

Walipanda ngazi za lile jengo, Pasi mbele. Moyo ulimdunda hadi akahisi kofia inacheza kichwani.

"Afande, na nikikwama?"

"Usikwame," sajini alisema. Ndiyo yote aliyoambulia.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani aliyepiga simu alijibanza kwenye korido, sikio mbele, mwili nyuma. Ndani ya sebule, bibi mmoja alikaa kwenye kiti, viatu miguuni, begi la nguo mapajani. Mwanawe mkubwa, mwenye shati la ofisini, alisimama kulia kwake. Mdogo alisimama upande wa pili na kisu cha jikoni mkononi.

"Habari za humu ndani," Pasi alisema, na alishangaa kusikia sauti yake imetoka. "Mimi ni polisi. Kaka yangu, naomba uweke kisu mezani, tuzungumze."

"Mwambie huyu atoke kwanza!" alifoka mdogo. "Miaka yote mama namwogesha mimi, namlisha mimi. Leo huyu kaja na gari lake anataka kumbeba kama kabati!"

"Unamlisha?" mkubwa alidakia. "Mwangalie alivyokonda! Watu wananisema mimi."

"Kumbe shida yako ni watu!"

"Kaka, tafadhali, mmoja mmoja," Pasi alisema. "Bibi, wewe mwenyewe unataka—"

Hakuna aliyemsikia. Mkubwa alilishika begi, mdogo akapiga hatua, kisu kikapanda. Na hapo Pasi akaganda. Maneno yote aliyofundishwa yalimtoka, kila moja na njia yake, akabaki na mdomo mkavu na mikono iliyonyanyuka nusu. Kwa pembe ya jicho alimwona sajini akivuta pumzi, midomo ikianza kufunguka. Sajini akisema, amekwisha. Asiposema, mtu atachomwa. Pasi akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua, na kutoka ndani ya hofu hiyo ikamtoka sauti ambayo wala haikuwa yake:

"Zoezi limekwisha! Wote kaeni chini!"

Sebule ikawa kimya. Mkubwa aliliachia begi, akapepesa macho. "Zoezi gani tena?"

"Hamsikii?" alisema yule bibi. "Limekwisha. Kaeni."

Na wakakaa! Mkubwa alikaa kwenye mkono wa kochi. Mdogo alichuchumaa palepale alipokuwa, ameduwaa, kisu bado mkononi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mwili wa Pasi nao ulikuwa umelisikia neno. Mabega yalishuka, shingo ikageuka, akakipa kisu mgongo na kumtazama sajini ili asikie amekosea wapi. Alichokiona ni uso wa sajini ukibadilika. Mzee yule mnene alimrukia, akampiga kikumbo, akapita. Nyuma yake mkubwa alikuwa ameona nafasi, amelinyakua begi, na mdogo ameinuka na kisu chake kumfuata, Pasi akiwa katikati yao. Sajini alikidaka kwa kiganja kitupu.

Damu ilidondoka sakafuni. Hapo ndipo Pasi alipozinduka. Aliukamata mkono wa yule mdogo kwa mikono yake miwili, mikono iliyokamua mablanketi ya watu tangu usichana, akaupinda mpaka kisu kikaanguka, akamtia pingu. Kijana hakupigana tena. Alilia kwa sauti, na mama yake akawa anasema, "Mwanangu jamani, mwanangu," bila kujulikana anamwambia yupi.

Sajini alishonwa kiganja. Njiani kurudi kituoni Pasi hakuthubutu kumtazama. Alijua vizuri kwamba kisu kile kilikuwa cha mgongo wake.

Mkuu wa kituo aliwapokea kwa tabasamu. Hilo lilimtisha Pasi kuliko kisu.

"Jirani amenisimulia," mkuu alisema. "Alisikia yote akiwa kwenye korido. Eti uliwazuga kwa neno moja tu, wakakaa kama watoto wa shule! Nimepata kuona mengi, huo ujanja sijauona. Sajini kuumia ni ajali ya kazi, tutamwombea apone. Kumbe una kichwa, dada. Uliupanga saa ngapi ule?"

Pasi alimtazama sajini. Sajini alikuwa akiangalia bendeji yake.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ilikuwa imefagiliwa na kutandikwa zulia. Hakutakiwa hata kutunga. Angesema "Palepale, afande," basi, na Ijumaa angekula kiapo, mumewe angepiga makofi hadi viganja viwake, mama mkwe angevaa gauni lake. Na kama si hivyo? Aliiona meza ya pasi. Alimwona mwenye duka akitabasamu. Alitamani sana kunyamaza, na nani angemlaumu?

"Sikupanga, afande," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Niliganda. Neno lilinitoka kwa woga, kama tulivyozoea chuoni. Kisha nikageuka. Nilikipa kisu mgongo nikisubiri maksi. Sajini hajaumia kwa ajali. Ameumia kwa ajili yangu."

Tabasamu la mkuu liliondoka taratibu.

"Unajua unachokisema?"

"Najua, afande."

"Basi Ijumaa haikuhusu. Siwezi kumlisha kiapo mtu aliyekipa kisu mgongo." Alishusha pumzi, akamgeukia sajini. "Naweza kumrudisha chuoni wamalizane naye. Au aanze majaribio upya, lakini chini ya mtu atakayekubali kupanda naye ngazi. Wewe ulijua haya?"

"Nilikuwepo," alisema sajini.

"Na ukanyamaza?"

"Kuruta ndiye anayesema, afande. Nilikuwa nasubiri nimsikie." Aliinua mkono wenye bendeji, akautazama huku na huku. "Angeukubali ule ujanja, ningempa mkono wa pongezi, huu mzima, na nisingepanda naye ngazi tena maisha yangu. Mwache aanze upya na mimi."

Walitoka hadi uani, penye magari. Pasi alijikaza, akajikaza, kisha akashindwa. Alilia waziwazi, kwa ajili ya Ijumaa, kwa ajili ya mumewe aliyetangaza mapema, na zaidi kwa ajili ya kile kiganja, maana angetukanwa angepata nafuu, lakini hakuna aliyemtukana. Sajini alimpa kitambaa.

"Lia upesi," alisema. "Nimepewa ruhusa ya kwenda nyumbani na siwezi kushika usukani. Utanipeleka wewe. Na mke wangu akiuliza nimeumiaje, mimi nitanyamaza. Utamweleza wewe, kama ulivyoeleza mle ndani."