Pembe ya Mji Haisimami Mlangoni kwa Mtu

Usiniamkie, Idi. Kaa kwanza. Hiyo shikamoo yako iweke, nitakwambia wakati wa kuitoa. Na hilo daftari liweke hapo mkekani nilione, maana ndilo lililonitoa kwenye chakula changu cha mchana.

Habari zote ninazo. Jumbe alikutuma uandike majina ya wanaume wenye nguvu utakaowakuta barabarani na sokoni, wapelekwe boma wakabebe mizigo ya vita vya hawa Wazungu. Wewe ukaandika na jina la Salumu, mtoto wa Bi Zaina jirani yetu. Salumu hakuwa barabarani wala sokoni. Alikuwa uani kwa mama yake, amelala, miguu imemwoza kwa safari ya kwanza ya mizigo hiyo hiyo. Ulimwona kwa sababu uliingia kula muhogo wao. Na mama yake mnazozana tangu mwezi jana kwa ajili ya ugo wa mpakani. Leo asubuhi amekufuata akilia, ukamjibu mbele za watu, "Mimi karani tu, mama, mimi naandika."

Mwanangu, niliposikia maneno hayo nilisukuma sahani. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, baba yako. Tulia nikusimulie nilivyoyasema, na usinikatize.

Ilikuwa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao hapa Bagamoyo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua mbele, kofia upande. Mjomba wangu Shomari ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa mji. Msiba ukitokea, msafara ukiingia kutoka bara, kisima kikifungwa kusafishwa, mtu akipotelewa na ng'ombe, mjomba alichukua pembe yake ya nyati akaizungusha mji mzima, akipuliza na kutangaza. Kifua kilipomshika akawa anakohoa zaidi kuliko anavyotangaza, akaniita akanipa pembe.

Alinipa na masharti yake. "Saidi," akasema, "pembe hii inapigwa njia panda, sokoni, kisimani na nje ya msikiti. Haipigwi mbele ya mlango wa mtu. Ukisimama mlangoni kwa mtu ukaipiga, umemnyooshea kidole na mji wote unatazama. Na ukiwa umeishika, wewe si Saidi. Huna rafiki, huna hasimu. Ukishaitundika unarudi kuwa Saidi, na yale unayoyasikia kwa majirani yako ni ya Saidi. Pembe haina habari nayo."

Nikasema nimesikia. Kumbe nilikuwa natazama pembe ilivyong'aa. Wewe siku ulipoletewa kalamu na hilo daftari, ulimsikia jumbe alivyosema? Au ulikuwa unatazama wino?

Basi. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Bi Tatu, mjane, mshonaji wa kofia. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea kwa chakula. Kwake nilikuwa naingilia uani bila hodi. Nilipougua homa alinilaza kwenye kitanda cha marehemu mumewe akaninywesha uji kwa mkono wake. Alikuwa na binti, Mwanajuma, na mimi nilikuwa na hamu naye ya kufa mtu. Nikatuma posa. Bi Tatu akanirudishia jibu kwa upole, kwamba mtoto ameshaposwa na binamu yake wa Saadani tangu mwaka juzi. Ni kweli alikuwa ameposwa. Mji mzima ulijua, hata mimi nilijua. Lakini nilifura. Nikaona nimedharauliwa, mimi mwenye pembe ya mji.

Wiki ile ile niliingia uani kwa Bi Tatu, maana kununa nilinuna lakini kula nilikula, nikamkuta mwanamke nisiyemjua amekalia mbuzi anakuna nazi. Anakuna kwa mkono wa kushoto, haraka haraka. Bi Tatu akanivuta pembeni. Akaniambia yule anaitwa Zawadi, kwao Fukayosi. Mwaka wa njaa ami yake alimtoa rehani kwa mtama, akauzwa mara ya pili, akaishia shambani kwa bwana mmoja upande wa Makurunge. Sasa ametoroka. Kaka yake ameletewa habari, anakuja Ijumaa kumchukua.

"Huyu hujamwona," Bi Tatu akasema.

"Sijamwona," nikasema mimi.

Zawadi mwenyewe alinipakulia wali. Akaniuliza kama ndiye mimi anayemsikia akipiga pembe akiwa humo uani. Nikamwambia ndiye. Akasema, "Una sauti ya kaka yangu. Kila ukipita nadhani ameshafika." Nikacheka, nikala, nikanawa mikono nikaondoka. Nakuapia, Idi, wakati ule sikuwa na nia mbaya naye. Ndilo linaloniudhi zaidi. Mwanamke yule hakuwa na kosa lolote kwangu, wala sikumchukia hata chembe.

Jumatano yule bwana wa Makurunge akaja mjini na watu wake wanne. Akaenda kwa wakubwa, wakaniita. Nikaambiwa nitangaze kwamba bwana huyu amepotelewa na mtu wake, mwanamke, mfupi, mwenye kovu shingoni, na yeyote aliyemwona aseme. Nikachukua pembe. Nikatangaza sokoni, nikatangaza kisimani, nikatangaza nje ya msikiti, wale watu wanne wananifuata nyuma. Watu wananipisha njia, watoto wananifuata mbio, nami nimevimba kichwa. Tukaingia mtaa wetu. Nikamwona Mwanajuma dirishani, akaniona, akafunga dirisha.

Nikasimama. Palikuwa mlangoni kwa Bi Tatu, si njia panda wala kisimani. Nikaipiga pembe mara tatu, nikatangaza, nikapiga tena. Sikutaja jina la mtu. Nilisimama tu, nikajifanya napumzisha miguu. Wale watu wanne wakatazamana. Wageni wa mji hawakuwa, walijua pembe inasimama wapi na haisimami wapi. Wawili wakaenda kwa mbele, wawili wakazunguka uani.

Walimtoa na unga wa nazi mikononi. Hakupiga kelele. Bi Tatu ndiye aliyepiga kelele, akashika kanga ya Zawadi mpaka ikabaki mkononi mwake. Mimi nikaendelea na safari yangu mpaka njia panda, nikatangaza na pale, ati nimalize kazi ya watu. Kutangaza nini tena, na mtu ameshapatikana? Wewe fikiri ujinga huo.

Jioni mjomba aliniita. Alikuwa amekaa kitandani anakohoa. Akaniuliza kwa nini nilisimama pale. Nikamwambia sikutaja jina, nilipumzisha miguu. Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Pembe haina miguu ya kupumzisha," akasema. "Mji ulikutuma kuuliza, Saidi. Nani aliyekutuma kujibu? Lile la uani uliambiwa wewe, mtoto wa marehemu dada yangu, uliyenyweshwa uji mle ndani. Mpiga mbiu hakukaribishwa mle. Umeiba kwa yule Saidi ukampa mwenye pembe, na mwenye pembe akaitumia kulipiza kisasi cha Saidi. Umewaharibu wote wawili."

Nikadhani ataninyang'anya pembe siku ile. Hakuninyang'anya. Laiti angeninyang'anya.

Ijumaa kaka yake akafika. Mtu mrefu, miguu imejaa vumbi la njiani, amebeba kikapu cha mahindi mabichi kumletea Bi Tatu shukrani. Bi Tatu alikuwa amejifungia, hakufungua. Yule mtu akagonga, akangoja, akagonga tena. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mtu mmoja akamwelekeza kwetu kwa mwenye pembe. Akaja, akavua viatu vyake vya ngozi mlangoni, akamwamkia mjomba, kisha akanigeukia mimi.

"Ndugu yangu," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye unayetangazia watu vitu vilivyopotea. Mimi nimepotelewa na dada. Nitangazie."

Na kweli, alikuwa na sauti yangu.

Nikamtazama mjomba aniokoe. Mjomba akasema, "Pembe ni ya mji. Yule wa Makurunge ulimpigia, na huyu mpigie. Pita mle mle ulimopita Jumatano, usiruke hata mahali pamoja."

Idi, nilitembea mji huu mchana kweupe. Nilipiga pembe sokoni nikatangaza kwamba mtu wa Fukayosi anamtafuta dada yake, mfupi, mwenye kovu shingoni, na yeyote aliyemwona aseme. Wauza samaki waliacha kukata samaki. Hakuna aliyesema neno. Kisimani wanawake walishusha mitungi wakanipa mgongo. Na yule kaka mtu yuko nyuma yangu, kila ninapotangaza ananyanyua uso, anatazama huku na huku, anangoja mtu ajibu. Kila mahali alingoja. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Tulipofika njia panda ya mtaa wetu, Bi Tatu akatoka. Ile kanga ilikuwa begani kwake. Akamwambia yule mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, unasumbuka bure. Muulize huyo mwenye pembe."

Yule mtu akanigeukia. "Kumbe unajua aliko?"

Nikamjibu nini? Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ningeweza kusema ni mimi, nilikasirikia posa, nikamponza dada yako, nipige. Angenipiga, na ingekuwa haki yake. Nikasema, "Mimi mpiga mbiu tu, bwana. Mimi natangaza."

Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba isiyo na mtu. Akaweka kikapu miguuni pa Bi Tatu akaondoka kuelekea Makurunge. Huko hakumkuta. Zawadi alikuwa ameshapelekwa Mbegani, akapakiwa chomboni, akavushwa Pemba kwenye mikarafuu. Sikusikia habari zake tena mpaka leo hii.

Mjomba alinipokonya pembe mlangoni, hata ndani sijaingia. Aliipiga mbiu mwenyewe kwa kifua chake kibovu mpaka alipokufa, na watu walisema afadhali kikohozi chake kuliko sauti yangu nzuri. Walisema kweli.

Unadhani yameishia hapo? Bi Tatu aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Kila asubuhi nilipita mbele ya baraza yake nikasema, shikamoo, Bi Tatu. Hakuitika. Hakunitukana, hakunisema kwa watu, hakuninyima njia. Aliendelea kushona kofia yake, sindano inaingia, sindano inatoka. Miaka kumi na moja. Siku tuliyomzika nilibeba jeneza, nikashuka kaburini kumlaza, na nilipopanda juu nikamwamkia mara ya mwisho kimoyomoyo, kama mwendawazimu.

Kwa hiyo usinitazame kwa macho hayo ya kuonewa. Sina hasira za bure. Nimekasirika kwa sababu nilidhani aibu hii nitazikwa nayo, kumbe nimeizaa.

Sikiliza, na safari hii sikia kwa moyo. Kila mtu aliyepewa kazi ya watu ni watu wawili, na ni lazima ajue mpaka wao. Ulichokiona uani kwa Bi Zaina alikiona Idi, mtoto wa jirani, aliyekaribishwa muhogo. Karani hakukaribishwa mle. Basi karani hana ruhusa ya kukiandika. Na ile kalamu ulipewa na mji, iwaandikie na wanaokupenda na wanaokuudhi. Ugomvi wa ugo ni wa Idi. Utake usitake, ukamalize kwenye ugo, mtu kwa mtu, bila daftari. Na ukishakosa, mwanangu, ndipo pagumu hapo, usijifiche nyuma ya kazi. Hakuna karani tu. Hakuna mpiga mbiu tu. Siku ile ningesema "ni mimi", Zawadi asingerudi, najua. Lakini kaka yake angeondoka akijua kuna mtu aliyemjibu.

Mimi nilichelewa. Wewe hujachelewa. Majina yanakwenda boma kesho, na Salumu bado yuko uani na miguu yake. Chukua daftari, nenda kwa jumbe, na watu wakiwa wamekaa pale pale barazani useme: jina hili aliliandika Idi kwa hasira zake, si karani, naomba nilifute. Akikupokonya kalamu, mpe. Utakula kwangu.

Kisha nenda kwa Bi Zaina. Usipite uani leo. Piga hodi mlango wa mbele kama mgeni, umwamkie. Asipoitika, rudi kesho umwamkie tena, na keshokutwa. Mungu akupe kifua cha kusema ni mimi, akuwekee watu wa kukujibu, asikuache upite mji mzima ukiita na kimya kikupokee kama kilivyonipokea baba yako. Amina.

Siku Bi Zaina atakapoitika, njoo uniamkie na mimi. Marahaba yako ninayo hapa, nimekuwekea. Haya, ondoka. Na hilo daftari libebe mwenyewe.