Daraja Baada ya Ushindi

Siku yangu ya kwanza kikosini, sajenti mkufunzi alitupanga juani akasema, "Ninyi ni askari wa miguu. Kifaru kikiharibika kitasubiri fundi. Ninyi mtaendelea kutembea." Tulicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Saidi, kijana wa Pangani mjini. Mimi ni mtu wa Mwera, wilaya hiyohiyo ya Pangani, kwa hiyo tangu siku ile tukashikana kama ndugu.

Vita vya Uganda vilipokuja, kombania yetu ilivuka mpaka kwa miguu. Vijana wa leo mkiona picha za vifaru mnadhani ndivyo vilivyotangulia. Mara nyingi tulitangulia sisi, safu mbili kando ya barabara, tukipekua migomba na nyumba zilizoachwa, tukitafuta waliojificha kutuvizia. Tukishasema njia ni salama, ndipo vifaru viliposogea.

Mji mkuu ukaanguka. Redio ikatangaza, na huku nyumbani watu wakatoka kucheza ngoma. Sisi kapteni alituambia, "Adui amekimbilia kaskazini. Fungeni mizigo." Soli za viatu zilikuwa zimekwisha. Tukiwa njiani Saidi akaniuliza, "Hivi mama akisikia tumeshinda, si ataanza kunitazamia?"

Nikamwambia aangalie njia.

Saidi alipigwa risasi kwenye daraja dogo tulilotumwa kulikagua, lisije likawa limetegwa mabomu. Waliotufyatulia walikuwa wachache tu, na wakakimbia hapohapo. Tulimzika kando ya barabara. Elia, Mlutheri wa Lushoto, alichimba kaburi pamoja nami, kisha akavua kofia akasimama pembeni nikimsalia mwenzetu.

Nilipopata likizo nilikwenda Pangani. Maofisa walikuwa wamekwisha kumpa habari mama yake, Bi Mwanahawa. Nilimkuta kakaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Alisaliwa?"

"Nilimsalia mimi."

Akanishika mkono, asiuachie. "Siku redio iliposema mmeshinda nilipika pilau, nikaita majirani. Siku ile mwanangu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mama."

Hapo ndipo alipolia.

Nilitumikia jeshi hadi nikastaafu na cheo cha sajenti. Sasa naishi Nguvumali, na magoti hayanipi raha. Wakizungumza habari za vita vile, watu huishia pale mji mkuu ulipoanguka. Mimi wengi wa wenzangu niliwapoteza baada ya hapo.

Saidi alihamishiwa makaburi ya mashujaa mkoani Kagera. Kila mwaka Bi Mwanahawa alisema atakwenda kumzuru, lakini ni mbali, na maradhi yakamwahi. Mwaka jana nilikwenda mimi. Nilimsomea Yasini, kisha nikamwambia kwamba mama yake amefariki, tumemzika Pangani kando ya mumewe, na kwamba alitaka sana kuja. Nikakaa palepale chini hadi dereva alipokuja kuniinua.