Ulaini Unaoletwa kwa Ndoo

Eduvigis alimwaga ndoo nyingine ya maji kwenye sakafu ya banda, kisha akaegemea nguzo. Mgongo ulimwaka. Juu yake fito zilijaa tumbaku iliyokauka hadi kulia kwa kila upepo uliopenya, na upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma wiki nzima bila haya.

"Shusha tumbaku leo hii," alisema Gumersindo, shemeji yake, aliyesimama mlangoni mikono mfukoni. "Wachambuzi wa majani wanangoja. Ukishindwa, banda nalichukua. Ni la kaka yangu."

"Kaka yako yuko Havana na kimada wake. Mwite aje ashushe."

"Ulimi huo, shemeji! Ndio uliomkimbiza."

Eduvigis alimlimia mumewe, akampikia, akamfulia, na mwisho wa yote ikawa kosa ni ulimi. Jani likiguswa likiwa kavu vile huvunjika vipandevipande, na Gumersindo alilijua hilo kama ajuavyo jina lake. Ndilo alilolitaka. Majani yakiharibika, nani atampinga akilitwaa banda?

"Basi yamwagie maji," akasema, akiisukuma ndoo kwa mguu.

"Yaote madoa, yaoze? Jani halimwagiwi. Hewa ndiyo inayotiwa maji. Funga huo mlango, unanikaushia."

Pale Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, unyevu huo wa hewa unaolilegeza jani huitwa blandura. Maana yake ulaini, uleule wa mkate wa leo na wa moyo wenye huruma. Bibi yake alimwambia neno lilianzia kwenye ukungu: asubuhi nyingine wazee waliingia bandani wakakuta jani limelegea lenyewe, wakasema blandura imekuja. Isipokuja, huletwa kwa ndoo.

"Blandura!" Gumersindo akacheka. "Wewe? Ungekuwa nayo, mume angebaki."

"Aliimaliza yote, shemeji. Imebaki hii ya sakafuni."

Akachota tena. Akatundika magunia yaliyolowa, akaziba kila upenyo. Kufikia alasiri banda lilinukia udongo wa mvua. Akachomoa jani kwenye ufito, akalifumbata, akafungua ngumi. Likajikunjua taratibu, zima.

Hakufurahi, alichoka mno. "Shika ncha ile ya ufito," akamwambia. "Au nenda ukawaambie wachambuzi kwamba banda limekuponyoka."

Kisingizio kikiwa kimemwishia, Gumersindo akashika. Wakashusha ufito baada ya ufito, na hakuna jani lililovunjika. Kesho upepo ungevuma tena, na nusu ya tumbaku ilikuwa bado juu.