Nakala kwa Waziri wa Ottawa

Kwa miaka kumi na miwili nilifundisha somo la Uraia katika sekondari moja ya Morogoro, na mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa serikali ya Marekani. Nilichora ubaoni mihimili mitatu, Bunge, Rais na Mahakama, kila mmoja ukiuchunga mwingine, kisha chini nikachora majimbo na mamlaka yao ambayo hata Rais haruhusiwi kuyagusa. Wanafunzi wakauliza maana yake nini. Niliwaambia, "Maana yake Rais hawezi kumhamisha hata mwalimu wa shule ya msingi." Walicheka sana. Hawakuniamini, na nakiri kwamba hata mimi sikuamini. Nilifundisha kwa sababu ilitoka kwenye mtihani.

Tulipohamia Toronto, ghorofa ya kumi na tisa pale St. James Town, nilikuta Canada nayo imegawana madaraka vilevile: shirikisho lina yake, jimbo lina yake. Shirikisho ndilo lililomkaribisha mke wangu, tena lilimpa alama nyingi za uhamiaji kwa kuwa ni muuguzi. Jimbo likauliza, muuguzi gani? Ili asajiliwe alitakiwa kuomba mtihani kabla haijatimia miaka kadhaa tangu aache wodi. Ikishatimia, anarudi shule kuanza upya. Tulikuwa tumebakiwa na miezi mitatu, na yeye wakati huo alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Downsview.

Fomu aliijaza mwenyewe kwa jioni moja. Hapo nikaingilia kati. Mtu aliyekulia kwetu hapeleki fomu tupu. Anamwandikia mkubwa, na mwisho wa barua anaweka "Nakala kwa", ili wadogo waipokee kwa matumbo joto. Nimeona kwa macho yangu faili lililolala miaka likiamshwa na nakala moja tu iliyokwenda kwa Mkuu wa Mkoa. Basi nikamwandikia waziri wa shirikisho kule Ottawa kurasa nne za Kiingereza cha suti na tai, nikimweleza kwamba kumpa mtu alama kwa kazi asiyoruhusiwa kuifanya ni kichekesho. Hoja ilikuwa nzuri. Mpaka leo naiona nzuri.

"Baba watoto," mke wangu alisema, "si tupeleke fomu huku tunasubiri?"

"Suala likiwa mezani kwa mkubwa huwezi kumpita ukaenda kwa mdogo wake. Ni utovu wa adabu."

Binti yetu wa darasa la tano alikuwa anakula. "Baba, nurses are provincial," alisema bila kuinua kichwa, yaani wauguzi ni wa jimbo. "We did it in social studies."

Nilimwambia ale, wali unapoa. Sikio la kufa halisikii dawa, hata dawa yenyewe ikitolewa na mtoto ambaye bado anakosea kuzidisha kwa saba.

Kila jioni nilishuka kwa lifti kufungua sanduku letu la barua, nikapandisha matangazo ya piza. Mke wangu akiuliza, nilimjibu kwamba wiki hii jibu litafika. Aliniamini, kwa sababu kati yetu wawili mimi ndiye niliyesomea mambo ya serikali. Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jibu lilikuja mwezi wa nne tangu niandike, ile miezi mitatu imeshapita, likiwa kwenye karatasi nzito. Waziri alinishukuru kwa mawazo yangu, kisha akaeleza kwa upole kwamba usajili wa wauguzi uko chini ya mamlaka ya jimbo na yeye hana uwezo wa kuuingilia. Kama ingekuwa karatasi ya mtihani, ningeipa alama zote.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hajavua hata buti za theluji. Aliisoma mara mbili.

"Mwalimu," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo tangu tuoane, "hili ulikuwa hulijui?"

"Nilikuwa nalijua."

Aliikunja barua, akanirudishia, akaenda kuulaza mwili. Kesho yake alfajiri alipanda basi kwenda Downsview kuogesha wazee, na ndiyo kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu.