Dawa ya Kutoka Slovakia

Mama aliingia kwenye steshenari yangu ya Area D ameshika flashi kwa mikono miwili kama anayebeba yai. Hata shikamoo yangu aliipokea nusunusu.

"Kirusi kimekula wimbo wa bibi yako," akasema.

Bibi alikuwa fundi wa muheme, zile ngoma ambazo kwetu Wagogo wanawake huzibana mapajani na kuzipiga. Kaka yangu alimrekodi kule Mvumi kabla hajafariki, na sauti yake ilibaki kwenye flashi ile tu, kwingine hakuna. Sasa mama, akitaka kuhamishiwa wimbo kwenye simu, alikuwa ameizungusha steshenari zote za mjini. Ndiyo tabia yetu, flashi moja inachomekwa kila mashine inayowaka! Nilipoifungua nikakuta mafaili yote yamegeuka shotikati, ukibofya hayafunguki.

"Jamani mama! Si ungeanzia kwangu?"

"Kwako maneno mengi."

Haya. Nikawasha antivirusi. Mama akanidaka mkono.

"Ngoja kwanza. Dawa hiyo inatoka wapi?"

"Slovakia. Ulaya, upande wa mashariki."

"Na kwa nini wao ndio waijue?"

Hapo nikajidai, maana chuoni tulifundishwa. Zamani, nikamwambia, vijana wa Bulgaria wenye akili ya hesabu na kazi hakuna walitunga virusi balaa, vikasambaa hadi kwa majirani. Watu wa pande zile wakaumwa mpaka wakajua kutibu, ndiyo maana dawa nyingi za kompyuta zimetoka kwao, Slovakia, Cheki, Urusi, Romania.

Mama akaniachia mkono. "Kumbe wameumwa! Dawa ya nge iko kwa wenye nge. Piga."

Nikapiga. Programu ikauliza: nisafishe au nifute? Nikifuta, mwenzenu, wimbo ndiyo basi. Nikachagua kusafisha, tukangoja, mama akiomba Mungu kwa sauti. Faili likajitokeza, nikalibofya.

Ngoma zikalipuka dukani! Wateja waliokuja kutoa kopi wakaanza kutikisa mabega, nami nikapiga vigelegele bila haya. Katikati ya wimbo bibi akanyamaza, ngoma zikiendelea, akamwita mama kwa Kigogo amletee maji.

"Abee, mama!" mama akaitika, na tayari alikuwa amesimama.